Halijaiva

Nilipokuwa mkuu wa idara ya Kiswahili, mwalimu kijana aliniletea shairi alilolitunga ili lisomwe kwenye mahafali ya kidato cha nne. Nililipitia nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, nikamrudishia kwa neno moja: "Halijaiva." Akajibu, "Nimekuelewa, mwalimu," akalikunja. Hakuniletea jingine mpaka alipohamishwa.

Uamuzi wangu ulikuwa sahihi. Shairi lile lisingefaa kusomwa likiwa katika hali ile. Kosa langu ni kuhukumu bila kuonyesha. Lilikuwa tarbia, mishororo minne kwa ubeti, mizani 8 ukwapi na 8 utao. Katika ubeti wa tatu, ukwapi mmoja ulikuwa na mizani 7, na kina cha kati kilikatika. Ningemwonyesha mshororo huo, angeurekebisha kabla ya chai ya saa nne. Chuoni nilifunzwa kwamba alama nyekundu isiyo na maelezo haimfundishi mwanafunzi. Nikasahau kwamba hata mwalimu mwenzangu hujifunza.

Tangu hapo nilijiwekea utaratibu. Huketi na mwenye kazi faraghani, nikataja kilichosimama, nikaweka kidole palipolegea, ndipo nikatamka uamuzi, sababu yake, na siku ya kuileta tena. Neno "bado" lisilo na siku ni "hapana" iliyovishwa adabu.

Ubeti wa kwanza wa shairi lile ulikuwa mzuri. Ningali naukumbuka kwa moyo. Hata hilo sikumwambia.