Bweta la Baba na Jozi 24 za Viatu



Sisi tunaoandika haya tu wawili, mtu na wifi yake. Mmoja wetu anakaa Kitui mjini, mwingine anakaa Wote, makao makuu ya Makueni. Sote tulizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na kazi za waume zetu ndizo zilizotupandisha bara. Marehemu baba, aliyemzaa mmoja wetu na kuwa mkwe wa mwingine, alikuwa fundi wa makubadhi. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, mirathi iligawanywa kwa sharia, na warithi wote wakaridhia kwamba bweta lake la vyombo vya kazi tulichukue sisi, maana hapakuwa na mwingine aliyelitaka.

Kina mama kadhaa wenye nia ya kuanza kazi ya mkono nyumbani wametuuliza ni vyombo gani vinavyohitajika kwa kazi ya ngozi, na mahitaji yake hupatikana wapi. Tuliahidi kujibu, na leo tunajibu. Lakini hatuwezi kuyaeleza hayo bila kueleza pia lililotupata mwaka jana, kwa kuwa sehemu ya ujuzi wetu tuliipata kwa hasara.

Ndani ya bweta mlikuwa na kisu kifupi chenye makali mapana, misharasi mitatu ya unene mbalimbali, nyundo, kitoboleo, bikari ya chuma, kinoo kilicholika katikati, donge la nta, na kipande cha mpingo kilichong'arishwa na kiganja cha mtu mmoja kwa miaka mingi. Hivyo tu. Kwa vyombo hivyo baba alilisha nyumba yake na kuwasomesha wanawe. Kwa hiyo dada anayeanza asishawishike kununua sanduku la vyombo hamsini. Aanze na kisu kizuri, rula ya chuma, msharasi mmoja, sindano mbili butu, kitoboleo kimoja na ubao wa kukatia. Chombo kingine akinunue siku kazi itakapokidai.

Kisu ndicho cha kwanza, na kinoo ni pacha wake. Kisu kisicho na makali hulazimishwa, na kinacholazimishwa huteleza kikakata kidole. Kinoe kwa maji, kisha ukipitishe juu ya kipande cha ngozi kilichobandikwa ubaoni mpaka kikate karatasi bila kuichana. Kitoboleo nacho usikipige kwa nyundo ya chuma. Hiyo hukitawanya kichwa chake. Tumia nyundo ya mti mgumu, na chini uweke kipande cha ubao, si sakafu ya saruji.

Kushona kwa mkono hufanywa kwa uzi mmoja wenye sindano mbili, kila ncha na sindano yake. Sindano zote mbili hupita katika tundu moja, moja kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, kisha uzi huvutwa kwa nguvu sawa pande zote. Mshono wa cherehani hutegemea nyuzi mbili zilizoshikana, na moja ikikatika nyingine huanza kufumuka. Mshono huu wa mkono ukikatika upande mmoja, upande wa pili hubaki umeshika. Pima uzi wenye urefu mara nne ya mshono wako. Uupake nta kabla ya kuanza, ili uteleze vizuri na usinywe maji.

Katika hili la nta, Mwenyezi Mungu ametuweka mahali pa neema. Asali ya Mwingi inajulikana Kenya nzima, na wauzaji wa asali huwa na masega yaliyokwisha kukamuliwa. Iyeyusheni nta ndani ya chombo kilichowekwa juu ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana huwaka kama mafuta. Mkihitaji kipande cha mti mgumu cha kusugulia kingo za ngozi, wenzetu mlioko Mombasa hamna haja ya kusafiri: wachongaji wa Kikamba wako Changamwe tangu zamani, nao watawachongea kwa vipimo mtakavyo. Ukingo hulowanishwa kidogo, ukasuguliwa kwa mti huo mpaka ung'ae; hapo ndipo mnunuzi hutambua kazi ya fundi.

Gundi ya viatu inataka hadhari. Ipakeni pande zote mbili, mngoje ikauke hata isinate kidoleni, ndipo mshikanishe na kugonga. Mvuke wake si wa kuchezea: madirisha yawe wazi, jiko liwe mbali, watoto wasiwepo, na mama mjamzito amwachie mwenzake kazi hiyo.

Kazi yetu ya mwanzo ilikuwa viondo. Wanawake wa Kitui na Makueni husuka viondo vya katani kwa ustadi mkubwa, lakini kiondo kisicho na kanda za ngozi hakifiki mbali sokoni. Tulianza kuwatilia kanda na vifuniko majirani zetu, kisha tukapokea kazi kutoka vijiji vya mbali. Barabara ya kutoka Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo ilipotiwa lami, kutumiana mizigo baina yetu kukawa rahisi. Tulikuwa tukipata fedha kidogo, za halali, na usiku tulilala vizuri.

Ndipo tukaingiwa na tamaa ya viatu. Haikuwa tamaa mbaya. Mabinti zetu wa madrasa walihitaji viatu vyeusi vya kufunika, imara, na vya dukani vilikuwa vikibanduka soli kabla ya muhula kwisha. Tuliunganisha akiba zetu, ikiwemo karo ya muhula wa tatu ya mtoto mmoja, tukanunua ngozi ya ng'ombe kwa ajili ya juu na ngozi nyembamba, laini, ya rangi ya maziwa, kwa ajili ya bitana. Muuzaji alituambia ni ya mbuzi. Bei ilikuwa nafuu, tukamshukuru Mungu. Tulishona jozi 24, tukaziuza kila moja shilingi 1,200, na zote zikaisha kabla ya mwezi mmoja.

Kilichobaki cha ile bitana tulikuwa tukikitumia kwa vijaluba vya sindano. Siku moja fundi mmoja mzee wa Wote, aliyefanya kazi ya ngozi maisha yake yote, alikuja kuazima bikari. Akakiokota kile kipande, akakiinua kuelekea dirishani, akanyamaza. Kisha akauliza kwa upole, "Mama, hii mmeitia kwenye viatu vya nani?"

Alituonyesha. Vinyweleo vya ngozi ile vilikuwa vitatu vitatu, vimekaa kama mafiga, na vilitokeza mpaka upande wa nyuma. Ngozi ya mbuzi haiko hivyo: vinyweleo vyake hufuatana kwa mistari. Ya ng'ombe vinyweleo vyake ni vidogo, vimesongamana na kuenea sawasawa. Vitatu vitatu ni vya nguruwe, mnyama ambaye ngozi yake hutumiwa sana kwa bitana za viatu kwa sababu ni nyembamba na hupitisha hewa. Neno la "ngozi halisi" lililopigwa muhuri juu ya bidhaa halikwambii kamwe ni ngozi ya mnyama gani.

Wasomaji wetu wanajua uzito wa jambo hili. Ngozi ya mnyama wa halali aliyechinjwa ni twahara. Hata ya mzoga Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliruhusu itengenezwe kwa kudibaghiwa na kutumiwa. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata sisi watu wa pwani, ya nguruwe haitwahariki kwa dawa yoyote. Na mguu wa mtoto hutoka jasho. Watoto wale walikuwa wakivua viatu mlangoni pa msikiti na kukanyaga mikeka.

Usiku ule tulizungumza kwa simu mpaka salio likaisha. Mmoja wetu alisema kwamba hakuna ajuaye ila yule mzee, naye si mtu wa maneno; kwamba hatukukusudia; kwamba karo ilikuwa imekwisha kulipwa kwa fedha zile zile. Hatutasema ni yupi aliyesema hivyo, kwa sababu mwenzake alikuwa ameyafikiria yayo hayo kabla ya kuyasikia.

Asubuhi tulimwendea imamu. Hakutulaumu, wala hakutufariji haraka. Alisema kutojua kwetu kumetuondolea dhambi ya jana, lakini leo tunajua, na mwenye kuuza akajua kasoro ya bidhaa yake akainyamazia amemkhini ndugu yake. Alituelekeza kuviosha vyombo vyote vilivyogusana na ngozi ile mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Tulimwuliza kuhusu swala za wale watoto. Akasema kila mzazi amwulize sheikh wake, lakini hawezi kuuliza asilolijua. Kwa hiyo kwanza sisi tukaseme.

Tuliviosha vyombo vya baba kwenye beseni uani. Kinoo ndicho kilichotuliza zaidi, maana tulikuwa tumekinolea kisu kile kile kwa maji, na kile kijibonde cha katikati kilichimbwa na mkono wa mtu aliyekuwa hakati ukanda ila baada ya kumwuliza mchinjaji jina lake.

Kisha tukaanza kubisha hodi. Tulikuwa na daftari, alhamdulillahi, na majina karibu yote yalikuwamo. Baadhi ya kina mama walikasirika, na walikuwa na haki. Mmoja alitupokea viatu kwa ncha za vidole, akatufungia mlango bila ya kuaga. Wiki ya pili alikuja mwenyewe kututaka radhi, nasi tukamwambia hapana deni. Majirani zetu Wakristo nao tuliwaambia, ingawa si najisi kwao, kwa kuwa tuliwauzia kwa jina la mbuzi nao hawakupata mbuzi. Susu mmoja alicheka akasema, "Viatu vya mjukuu wangu havitoki mguuni. Lakini nimefurahi mmekuja kuniambia." Tangu siku hiyo ametuletea viondo kuliko mtu mwingine yeyote.

Hesabu yetu ni hii. Tulipata wenye jozi 22. Wanne walichagua kubaki nazo kwa kujua. Jozi 18 tulizipokea na kurudisha shilingi 21,600. Nyingine papo hapo, nyingine kwa mafungu, na fungu la mwisho lilitoka mwezi uliopita. Viatu tulivizika. Yule muuzaji tulimrudia. Alisema naye alinunua hivyo hivyo na kuuza kama alivyoambiwa. Hatuna ushahidi wa kusema zaidi, wala hatumtaji.

Yaliyobaki ni mafunzo, na tunayaandika ili msiyanunue kwa bei yetu. Ngozi ichunguzwe pande zote mbili penye mwanga, kabla ya kulipa. Uso unaweza kupigwa chapa ya mnyama mwingine, lakini nyuma hapafichiki kwa urahisi. Mwulizeni muuzaji jina la mnyama, liandikwe kwenye risiti. Bei nafuu kupita kiasi ni swali, na swali hutaka jibu. Wekeni daftari la wanunuzi, kwani bila ya daftari sisi tungetubu kwa maneno matupu.

Na kwa kuwa kila Idi ya kuchinja ngozi nyingi hutupwa, tunaongeza haya. Mnyama achunwe kwa ngumi kuliko kwa kisu, ili ngozi isitoboke. Itandazwe kivulini saa ile ile, ipakwe chumvi upande wa nyama, kiasi cha thuluthi hadi nusu ya uzito wake. Ikichelewa, katika joto letu itaanza kuoza siku hiyo hiyo. Ngozi ya udhiya haiuzwi na aliyechinja, wala mchinjaji halipwi ujira kwayo. Hutumiwa nyumbani au hutolewa sadaka. Ngozi hiyo mnajua ni ya nani, imechinjwa na nani, na kwa jina la nani.

Sasa tumerudi kwenye viondo na makubadhi, na bitana zetu ni za mbuzi tunaowajua. Lakini jozi 2 hazijapatikana. Tuliziuza Mwingi, kwenye kituo cha mabasi, kwa mama mmoja aliyekuwa safarini kwenda Garissa na mabinti wawili. Hatukuandika jina lake. Basi lilikuwa linaondoka. Viatu ni vyeusi, vina kifungo cha shaba upande wa nje, bitana ya rangi ya maziwa, na mshono mweupe wa mkono kuzunguka soli. Bibi huyo alituombea baraka alipokuwa akipanda basi.

Ikiwa ni wewe, dada yetu, au ikiwa kuna amjuaye, tafadhali mwone mhariri. Fedha zako, shilingi 2,400, zimefungwa ndani ya kitambaa, ndani ya bweta la baba. Hatutazigusa. Tunaomba utusamehe, na waombaji wenzetu mtuitikie amina.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.