Kijivu cha Makaa na Buluu ya Wino

Yako maswali ambayo mtu huyacheka anapoulizwa, kisha akikaa nayo huona si ya kuchekwa. Mpwa wetu, ambaye mumewe amejenga huko Plateau, nje ya mji wa Eldoret, alitupigia simu akasema: "Shikamoo mjomba. Huku tuna siku kumi hatusemezani vizuri kwa ajili ya rangi ya sebule." Mume ataka buluu nzito kama wino, yeye ataka kijivu cha makaa. Tulipowatembelea tukaoneshwa vipande viwili vya karatasi ya dukani, na wallahi hatukuweza kuvipambanua mpaka tulipotoka navyo nje.

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika weupe. Nyumba kongwe za Lamu zina kuta nene za matumbawe zilizopakwa chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo, na weupe huo ndio unaoipokeza nuru kutoka uani hadi vyumba vya ndani. Bara ya juu ina mambo yake. Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, Julai ni mvua na baridi, na mtu hutamani chumba kimkumbatie. Hatukuwalaumu kwa kutaka giza kidogo.

Lakini rangi nzito hunywa nuru, na taa hubadili sura yake. Chini ya taa nyeupe ya dukani hizi mbili ni ndugu. Chini ya taa ya manjano ya nyumbani, buluu huelekea weusi, nacho kijivu chenye chembe ya kahawia hupata joto. Tukawashauri wanunue kopo dogo la kila moja, wapake ubao mara mbili, wauache ukauke hadi kesho yake (rangi mbichi ni mwongo), kisha wauhamishe ukuta hadi ukuta na kuutazama baada ya Alfajiri, wakati wa Adhuhuri, na baada ya Magharibi taa ikiwashwa.

Kuna jambo ambalo hapana aliyelitaja. Mama wa mume, mwenye mtoto wa jicho, yuaja kuishi nao. Kwake yeye mlango mweusi katika ukuta mweusi ni shimo, iwe buluu au kijivu. Tukasema milango na fremu zake ziwe nyeupe, na ukumbi na chumba chake visiguswe na rangi hizo kabisa.

Mume alipotoka kuswali Alasiri, mpwa wetu akasema kwa sauti ya chini: "Mjomba, ramani hakuniuliza. Madirisha hakuniuliza. Jiko hakuniuliza. Rangi ndiyo ya kwanza."

Hapo tukazifahamu zile siku kumi. Mume aliporudi tulimkumbusha kwamba katika Sura Al-Baqara, aya ya 233, mume na mke wametajiwa kushauriana hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akamwuliza mkewe, mbele yetu, ni nini kingine ndani ya nyumba kisichompendeza.

Ubao ulipokauka, kijivu kilishinda usiku; asubuhi mume bado aliipenda buluu. Juma hili ametupigia yeye mwenyewe, wala rangi hakuitaja. Alitueleza kwamba fundi anakuja Jumatatu kupanua dirisha la jikoni.