Viazi Vilivyopanda Ndege

Sisi tulikuwa watu 14 na boksi lilikuwa na vipande 10. Hesabu yenyewe ilianza vibaya.

Dada mmoja Mjapani alikuwa anajitolea na kikundi chetu hapa Nakivale. Alienda kwao likizo, kisha akarudi. Tulimpokea Base Camp, na kabla hata hajakaa akafungua begi. Alituambia kwao mtu akisafiri harudi mikono mitupu. Lazima alete kitu cha kula kutoka kule alikokuwa, kila kimoja kimefungwa peke yake, ili wenzake wote wapate. Wanaita omiyage. Tukamwambia hata kwetu ni hivyo: ukitoka safari, watoto wanashika begi kwanza, salamu baadaye.

Vile vikeki vilikuwa na umbo la mtumbwi mdogo. Chini kama biskuti, juu rangi ya zambarau. Zambarau kabisa! Mmoja wetu akauliza kama ni sabuni. Tukauliza vimetengenezwa na nini. Akajibu: "Viazi vitamu."

Jamani, tulicheka. Mtu apande ndege kutoka Okinawa atuletee viazi, Nakivale? Warundi wanasema ibijumbu, Wanyarwanda ibijumba, Waganda lumonde, sisi wa Kivu tunasema birazi. Majina ni mengi, sufuria ni ile ile. Tangu mgao upunguzwe, kuna nyumba ambazo ni viazi asubuhi na viazi jioni. Mwenzetu mmoja alisukuma kipande chake. "Mimi viazi nimekula vya kutosha. Wape wengine." Hakuwa anatania. Tunaijua nyumba yao. Tukanyamaza.

Dada hakukasirika. Alisema hata bibi yake hapendi kugusa viazi. Mwaka 1945, kuanzia Aprili mpaka Juni, vita vilipiganwa Okinawa kwenyewe, na raia wengi sana walikufa. Waliobaki Wamarekani waliwaweka kambini. Bibi alikuwa mtoto mdogo kwenye moja ya kambi hizo, na chakula anachokumbuka ni viazi.

Hapo tukaacha kucheka. Hatukujua kama kuna Mjapani ambaye bibi yake aliishi kambini.

Akaendelea. Viazi vilifika kwao kutoka China mwaka 1605, na viliokoa watu wakati wa njaa. Kutoka Okinawa vikaenda Satsuma, ndiyo maana Wajapani wengine wanaviita satsumaimo, yaani viazi vya Satsuma. Lakini leo kiazi kibichi cha Okinawa hakiruhusiwi kupelekwa sehemu nyingine za Japani, kwa sababu ya fukusi. Hata kama ni nchi moja! Kinachoruhusiwa ni kilichopikwa. Kwa hiyo kikeki kinasafiri, kiazi kinabaki. Mmoja wetu akasema, "Kumbe na kiazi kinahitaji karatasi." Hapo hata yule aliyekataa alicheka.

Tukakata kila kipande katikati. Nusu 20. Kila mtu akapata yake, na nusu sita zilizobaki tukapiga kura ziende kwa watoto nyumbani.

Ladha? Ni kiazi, bwana. Kuna siagi, kuna sukari, kuna maziwa, lakini mwishoni unakutana na kiazi kile kile unachokijua. Ni laini mpaka huhitaji kutafuna. Tulikula polepole, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumaliza.

Yule mwenzetu hakula. Alifunga nusu yake kwenye karatasi akampelekea mdogo wake. Kesho yake alikuja na swali la mtoto: "Na viazi vyetu vinaweza kuwa hivi?"

Tukajaribu. Hapa hatuna vya zambarau, tukachukua vile vya rangi ya chungwa ambavyo wengine wetu tunalima pembeni ya nyumba. Hivyo vina vitamini A nyingi, na Mganda aliyevifanyia kazi miaka mingi, Dkt. Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Tulichemsha, tukaponda, tukatia Blue Band, maziwa, sukari na kiini cha yai. Oveni hatuna. Tuliweka mchanga kwenye sufuria kubwa, tukafunika, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mara ya kwanza viliungua. Mara ya pili mama zetu waliomba vingine.

Siku ya dada kuondoka moja kwa moja tulimsindikiza hadi Mbarara. Kwenye stendi ya basi tulimpa vikeki 10 ndani ya jani la mgomba. Tulimwambia, "Hii ni omiyage ya Nakivale. Mpelekee bibi." Alilia kidogo. Halafu akauliza vitakaa siku ngapi. Hatukuwa tumefikiria hilo. Cha kwao kina tarehe kwenye karatasi, chetu kwa joto hili ni siku mbili.

Jioni alituma ujumbe. Jirani yake kwenye kiti alisikia harufu, akamgawia, na wa nyuma naye, mpaka vikaisha. Havikufika Okinawa. Vilifika Lyantonde.

Tulicheka, lakini pia tulifurahi. Sisi hatukutoka kwetu kwa safari, tulikimbia, na aliyekimbia hakumbuki zawadi. Tukifika mahali tunapanga mstari kupokea. Siku ile basi zima lilikula kitu kilichotoka Nakivale, na hakuna aliyeuliza kama waliopika ni wakimbizi.

Ndugu zetu mnaofanya kazi hapa, mkienda likizo mtuambie mapema. Tutawafungia. Ila mle njiani.