Makasia ya Mchangani

Mwezi Desemba nilikuwa Muscat kwa shughuli za kikazi, na kama ilivyo ada sikuweza kuondoka pasipo kulala siku chache kwa dada yangu. Ni dada kwa hesabu zetu: mama zetu ni ndugu, wake akiwa mkubwa, naye alichukuliwa mchanga kutoka Unguja katika miaka ile ambayo familia nyingi zilivuka bahari zisirudi. Usiku wa kwanza aliniita jikoni, akafunga mlango, akanisihi nimkanye mwanawe aachane na mashindano ya pikipiki za mchangani. Asubuhi yake mpwa wangu naye akaniomba nimsindikize kununua tairi. Niliyakubali maombi yote mawili, nikatimiza moja.

Pikipiki hizo zina magurudumu manne, na mashindano yake ni mafupi mno. Wawili husimama sambamba, taa huwaka, nao hufyatuka. Huko Marekani njia huwa ya futi 300, yaani meta 91 hivi. Ukipiga chafya umekosa uhondo. Katika Ghuba wapo pia wanaopenda kuzipandisha kwenye vilima vya mchanga, kama kile cha Moreeb huko Liwa, Abu Dhabi. Mpwa wangu hukimbilia Bidiya, pembezoni mwa mchanga wa Sharqiya, safari ya saa mbili na ushei kutoka Muscat.

Tairi ya nyuma ya pikipiki hiyo haifanani na tairi yoyote niliyopata kuijua. Ni mpira laini uliosimamishiwa mabapa yanayokatiza upana wake, kila bapa limepinda kidogo kama kiganja kinachoteka maji. Bapa huzama, hushika fungu la mchanga na kulisukuma nyuma, nacho chombo huenda mbele. Nilipomweleza dada kwamba ni tairi za makafi, alinisahihisha papo hapo, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wanafunzi wangu wengi: kafi hushikwa mkononi, kasia ndilo hufungwa kwenye chombo, hayo yenu ni makasia. Basi nami nitayaita makasia.

Ugumu ni kuchagua. Zipo tairi za makasia sita, manane, kumi, hata zaidi. Yapo marefu na mafupi, yaliyonyooka na yaliyopinda katikati. Kasia likiwa refu hushika mchanga mwingi, lakini mchanga huo una uzito, na wa kuusukuma ni injini. Makasia yakiwa machache kwa injini yenye nguvu, gurudumu huzunguka bure na kujichimbia shimo. Yakiwa mengi kwa injini ndogo, injini hukabwa. Na mchanga nao haukai hali moja: asubuhi, umande ukiwa bado, hushikana na kubana, adhuhuri hutiririka kama unga.

Tulimkuta fundi mmoja, mzee aliyezaliwa Tabora na kukulia huko kabla ya kurejea kwa wazee wake. Alimuuliza kijana mambo matatu: injini gani, atakimbia saa ngapi, na yeye mwenyewe ana kilo ngapi. Injini ilikuwa Yamaha Banshee ya zamani, ya silinda mbili na sentimeta za ujazo 347, ya zile zinazochanganyiwa oili katika petroli. Mzee akasema: “Manane, mwanangu. Na hayo manane nitayapunguza urefu.”

Mpwa wangu alinuna. Bingwa wa pale alikuwa na makasia kumi marefu, naye alitaka hayo hayo. Akanigeukia: “Mjomba, wewe unasemaje?” Ningeweza kunyamaza. Nikasema kwamba kwa mantiki ya kawaida kumi ni zaidi ya nane, na anayeshinda lazima anajua kitu. Mzee alinitazama kwa adabu, akasema, “Haya, mwalimu.” Nikachangia nusu ya bei.

Nimekaa katika kamati za ununuzi kwa miaka mingi, nami naijua sauti ile niliyoitumia. Ndiyo niliyoitumia siku tulipopitisha jenereta kubwa kuliko mahitaji ya majengo yetu yote, kwa kuwa taasisi jirani ilikuwa nayo. Jenereta ya dizeli ikibebeshwa mzigo mdogo mno haichomi mafuta sawasawa; hujaa masizi ikachakaa kabla ya wakati. Fundi wetu wa umeme alilisema hilo kwenye kikao, likaandikwa katika muhtasari, na sahihi yangu iko chini ya muhtasari huo. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanazifahamu ziara za mafunzo: tunasafiri, tunatembezwa, tunapiga picha, tunarudi na ripoti. Tunachoonyeshwa huko ni tairi. Injini ya wenyeji, yaani kodi zao, mahakama zao, miaka waliyokosea na kurekebisha, imefunikwa, na hakuna mgeni anayeomba ifunuliwe. Bingwa wa Bidiya, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, alikuwa na injini iliyopanuliwa karibu mara mbili, na mhimili wa nyuma uliorefushwa ili pua isinyanyuke. Nilisimama kando ya pikipiki yake nusu saa nzima nikihesabu makasia.

Siku ya majaribio, mkondo wa kwanza, mpwa wangu aliachia klachi na pikipiki ikakohoa. Injini za namna ile nguvu zake haziji hatua kwa hatua. Chini ya mizunguko fulani zimelala, zikivuka huamka zote kwa mpigo. Makasia kumi yalikuwa yameishusha usingizini. Watu walicheka kidogo. Mkondo wa pili, kwa hasira, alikanyagisha moto mpaka mwisho kabla ya kuachia. Safari hii nguvu ilikuja, makasia yakashika yote, na kwa kuwa hayakupatikana ya kuteleza, kilichobaki kupanda ni pua. Nilimwona akisimama wima na pikipiki yake kama mtu anayepanda ngazi, kisha nikaona magurudumu ya mbele yakiangalia mbingu.

Alianguka ubavu, pikipiki ikaangukia upande mwingine. Mkono wa kushoto uliteguka kwenye kifundo. Hayo ndiyo yote, na ningependa kuandika “alhamdulillahi” bila kuongeza neno, lakini najua umbali uliokuwapo kati ya chuma kile na shingo yake, kwa kuwa niliupima kwa macho. Magurudumu manne ndiyo yaliyo salama zaidi. Yale matatu watengenezaji wakubwa walikubali mbele ya serikali ya Marekani, mwaka 1988, kuacha kuyauza huko, baada ya vifo na majeruhi wengi.

Mzee wa Tabora hakusema lolote. Alizifungua tairi, akaketi kivulini na rula na kisu, akayakata makasia moja baada ya jingine, akipima kila alipokata, kwani moja likizidi gurudumu zima hutikisika. Kisha akabadilisha sproketi. Mpira tuliokuwa tumeulipia ulirundikana miguuni pake, vipande vyeusi vyembamba kama maganda. Nilipomuuliza ada yake alitaja kiasi kidogo hata nikaona haya, nikamuuliza kwa nini hakunibishia dukani. “Ulikuwa unampa mtoto zawadi,” akasema.

Wiki tatu baadaye, nikiwa nimekwisha rudi nyumbani, mpwa wangu alinitumia video. Ameshindwa na bingwa kwa urefu wa pikipiki mbili, lakini amekwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa njia, pua chini. Dada naye ameniletea ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Nimeusikiliza mpaka dakika ya pili.