Sogeza kushoto, sogeza kulia

Najua wengi mnapita hapa kusoma siasa na umbea wa mjini, lakini leo mnivumilie, maana wiki nzima kichwa changu kina namba mbili tu: 0 na 1.

Mdogo wangu yuko chuo, anasoma kompyuta, na ana sapu ya somo la programu. Akianguka tena ni disko, na mzee ameshauza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada. Kilichomkwamisha ni hiki: kwa nini mtu aandike x << 3 wakati anaweza kuandika x * 8? Mhadhiri alisema "ni haraka zaidi" akasonga mbele. Mimi kazi yangu ni kuuliza kwa nini, basi tukakaa mezani na daftari.

Chukua 45. Sogeza tarakimu nafasi moja kushoto, jaza sufuri, unapata 450. Umezidisha kwa 10 bila kuzidisha chochote. Kompyuta inahesabu kwa 0 na 1 peke yake, kwa hiyo kwake kila nafasi moja kushoto ni mara 2. Tano inaandikwa 101. Isogeze nafasi tatu, inakuwa 101000, yaani 40. Ukisogeza kulia, unagawanya.

"Dada, sasa mbona darasani hawakusema hivi?" Sikuwa na jibu la kumpa. (Wanaobishana kama tuseme kompyuta au tarakilishi, hapa ndipo pa kufanyia kazi, si kwenye jina la mashine.)

Hiyo haraka nayo ina historia. Kwenye prosesa ya Intel 8086, ya mwaka 1978, kugawanya namba ya biti 16 kulikula mapigo 144 hadi 162 ya saa yake. Kusogeza nafasi moja: mapigo 2. Hapo mtu mwenye akili lazima asogeze! Ila hata kusogeza kulikuwa na nauli, nafasi nyingi zililipiwa moja moja, mpaka ilipokuja 80386 mwaka 1985 yenye sakiti ya kusogeza nafasi zozote kwa mkupuo mmoja.

Siku hizi kompaila ikiona x * 8 inabadilisha yenyewe. Kwa maoni yangu, kuandika << kwa ajili ya kasi tu ni kumsumbua atakayesoma kazi yako kesho. Dogo anasema mtihani hautaki maoni yangu. Sawa.

Lakini kuna mtego ambao mtihani unaupenda. Kwenye Java, -7 / 2 ni -3, ila -7 >> 1 ni -4. Kugawanya kunakata kuelekea sufuri, kusogeza kunashuka chini. Kwa hiyo si kitu kilekile, na anayekariri kwamba ni kilekile ataumia kwenye namba hasi.

Kisa kilichonifurahisha zaidi ni cha mwaka 2006. Joshua Bloch, aliyeandika sehemu ya maktaba za Java, alieleza hadharani kwamba kodi yake ya kutafuta kitu kwenye orodha iliyopangwa ilikuwa na kosa lililojificha takriban miaka 9. Mstari wenyewe ni wa kutafuta katikati: (chini + juu) / 2. Nani angeushuku? Tatizo ni kwamba namba ya kawaida ya Java inaishia 2,147,483,647. Orodha ikiwa na vitu zaidi ya bilioni moja, jumla inaweza kupita hapo, inageuka hasi, na programu inaanguka.

Dawa mojawapo aliyotoa ni (chini + juu) >>> 1. Alama tatu hizo zinasogeza kulia na kujaza sufuri upande wa kushoto, bila kujali alama ya kutoa. Ile jumla iliyogeuka hasi inasomwa kama namba kubwa ya kawaida, nusu yake inatoka sahihi.

Dogo aliusoma mstari huo mara tatu, kisha akaniuliza 1 << 32 inatoa nini. Tukajaribu kwenye laptop. Inatoa 1, si sufuri, kwa sababu Java inaangalia biti 5 za mwisho tu za idadi ya nafasi, na 32 humo inabaki 0.