Kuufuata Ruaha Mkuu Hadi Kwenye Mabanio

Oktoba ni mwezi mkali Iringa vijijini. Mvua za mwisho zilikwisha Aprili, na zinazofuata bado zinasubiriwa. Huo ndio mwezi nilioingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa mara ya kwanza, kwa gari la kukodi lililoondoka mjini alfajiri. Barabara ya vumbi inaacha baridi ya Iringa, inapita Idodi na Tungamalenga, na kadiri inavyoteremka ndivyo joto linavyopanda na miti inavyobadilika. Dereva, mwenyeji wa Idodi, aliniambia nitazame vizuri, kwa sababu Ruaha ni mahali pa makutano: miombo inayotanda kusini mwa Afrika inaishia hapa na nyika ya migunga ya kaskazini inaanzia hapa. Ndiyo maana tandala mkubwa na tandala mdogo wanaonekana katika hifadhi moja. Mibuyu ni mingi kuliko nilivyowahi kuiona popote, na mingine imechunwa magome na tembo wanaotafuta unyevu ndani ya shina.

Tulipofika Msembe, ndani ya hifadhi, nilimwuliza dereva mto uko wapi.

“Ndio huu, bwana,” akajibu, akinyoosha mkono.

Mbele yetu palikuwa na mchanga mweupe, mpana, umekatwa na nyayo za wanyama. Tembo jike alikuwa amesimama katikati ya mto akichimba kwa mguu wa mbele, kisha akashusha mkonga shimoni na kusubiri maji yajikusanye. Nyuma yake punda milia walingoja aondoke ili nao wanywe. Mbele kidogo tulikuta dimbwi la kijani, viboko wamebanana ndani yake, migongo yao imepasuka kwa jua. Kiboko huishi kwa maji. Ngozi yake haihimili jua la mchana kutwa. Niliwatazama kwa uchungu.

Ruaha Mkuu haukuwa mto wa msimu. Ulitiririka mwaka mzima hadi mwaka 1993, ulipokauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Tangu hapo hali hiyo imekuwa ikijirudia, na ukavu unaweza kudumu kwa miezi.

Askari wa hifadhi tuliyemkuta ukingoni alichuchumaa akachora ramani mchangani. Mito inayoulisha Ruaha, kama Mbarali, Kimani na Chimala, huteremka kutoka milima ya Kipengere na nyanda zake za baridi, ikaingia tambarare ya Usangu. Huko maji hujikusanya katika kinamasi cha Ihefu. Ihefu ni kama bakuli, na mdomo wake ni mwamba ulioko Ng’iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unashuka hifadhini. Yakipungua hata kidogo chini ya hapo, hakuna tone linalopita, ingawa kinamasi chenyewe bado kina maji.

“Ukitaka kujua mto umekwenda wapi,” akasema, “nenda wilaya ya Mbarali.”

Nikaenda. Nilirudi Iringa, nikapanda basi la Mbeya. Ukishapita Makambako na Igawa, milima inabaki kushoto na tambarare ya Usangu inafunguka kulia. Nilishuka mjini Chimala, nikachukua bodaboda hadi kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga. Mwezi ule ule ambao viboko walikuwa wakibanana dimbwini, hapa mfereji ulikuwa umejaa. Maji yalipita kando ya majaruba matupu, yaliyokuwa bado yanasubiri msimu.

Mama mmoja alikuwa akichota maji kwa ndoo. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha kivulini. Nilimwuliza kwa nini banio linaloingiza maji mferejini halifungwi wakati hakuna mpunga shambani.

“Likifungwa tutakunywa nini, mwanangu?” akasema. “Maji ya kupikia ni haya, ya kufua ni haya, ya kufyatulia matofali ni haya. Na anayewahi kupanda ndiye anayeuza kwa bei nzuri.”

Sikuwa na la kumjibu. Nilipofuata mfereji ule hadi mtoni nililiona banio lenyewe, la zege, linalokinga mto karibu upana wote. Zamani wakulima walikinga kwa miti na majani, na maji mengi yalipenya yakaendelea na safari. Zege halipitishi kitu pasipo mtu kuamua.

Lawama ya mto kukauka, hata hivyo, ilimwangukia mfugaji: mwaka 2006 Serikali iliwaondoa wafugaji na ng’ombe wao katika Ihefu, wengi wakapelekwa Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Mto uliendelea kukauka. Watafiti waliopima maji ya Usangu miaka michache kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani wakati wa kiangazi. Mfugaji alibeba lawama iliyomzidi, na familia zilihamishwa pasipo mto kupona. Dhuluma hiyo inapaswa kutajwa kila linapotajwa suala la Ruaha.

Wala nisimtwishe mama yule lawama hiyo. Mpunga wake tunaula sisi wa mijini, na maji ya mto huu ndiyo yanayoingia bwawa la Mtera na kuteremka hadi Kidatu, kwenye mitambo ya megawati 204 inayowasha taa zetu. Tembo, viboko, mpunga na umeme vinanyweshwa na mto mmoja, na kila mtumiaji anaona kipande chake tu.

Nilichokiona kinaweza kurekebishwa. Maji ya masika yanatosha mpunga wa Usangu. Yanayogombaniwa ni yale machache ya kiangazi, na sehemu yake kubwa huzurura kwenye mifereji ya udongo, yakizama na kukauka kwa ajili ya ndoo chache za kila nyumba. Vijiji vya Mbarali vikichimbiwa visima vya uhakika, na tarehe za kufunga mabanio zikakubaliwa na wakulima wenyewe, Ihefu itapata nafasi ya kupanda tena juu ya mwamba wa Ng’iriama. Fedha za visima hivyo zinapaswa kutoka kwetu sote tunaokula na kuwasha taa kwa maji ya Usangu, na zitangulie kufika kabla ya askari wa kufunga mabanio.