Majaji Walipoanza Kuonyesha Kadi Zao

Nilipoanza kuvaa glavu katika klabu ndogo ya Temeke, miaka ya themanini, matokeo ya pambano yalikuwa siri mpaka refa anyanyue mkono wa mshindi. Majaji walikaa kuzunguka ulingo, kila mmoja na karatasi yake. Kengele ya mwisho ikilia, karatasi zilikusanywa zikapelekwa meza kuu, na mtangazaji akataja kona iliyoshinda. Nani kampa nani, na kwa pointi ngapi, hatukuambiwa. Ukiona umeonewa, mwalimu wako alitakiwa aandike barua. Barua ziliandikwa, lakini mimi sikuwahi kuona hata moja ikipata jibu.

Mwalimu wetu, mzee mpole ambaye hakuwahi kumtukana mtu, alitufunda kwa uzoefu huo: “Mwanangu, usimwachie jaji kazi. Imalize mwenyewe.” Nasi tulimsikiliza. Ngumi za ridhaa ni mchezo wa ufundi, wa kupiga na kukwepa, lakini vijana wembamba kabisa tulikuwa tunaingia ulingoni tukisaka KO tangu raundi ya kwanza, kwa sababu pointi hatukuziamini. Wengine walibebwa nje ya ukumbi kwa staili hiyo. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko hata medali iliyokwenda kwa asiyestahili: uamuzi usioaminika huwafundisha watoto kuumizana.

Seoul 1988 ikaja kumpa mwalimu ushahidi wa pande zote mbili. Robert Wangila wa Kenya alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzito wa welta, akatwaa dhahabu pekee ya ngumi ambayo Kenya imepata katika Olimpiki hadi leo. Hakuna jaji aliyeulizwa kitu. Katika michezo hiyohiyo, Mmarekani Roy Jones alimpiga mwenyeji Park Si-hun makonde 86, akapigwa 32, halafu akatangazwa ameshindwa kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Mmoja wa wale watatu alikuwa jirani yetu kutoka Uganda. Jones akafutwa machozi kwa Kombe la Val Barker, la bondia bora wa mashindano, kombe ambalo Philip Waruinge wa Kenya alilipata Mexico 1968 akiwa na shaba tu. Uchunguzi uliofuata ulimalizika mwaka 1997 kwa kusema hakuna ushahidi wa hongo, na matokeo yakabaki vilevile. Park mwenyewe hakupata raha nayo. Mwaka 2023 alikwenda Florida, akamkabidhi Jones ile dhahabu.

Baada ya Seoul dawa ikawa mashine. Barcelona 1992 kila jaji alikuwa na vitufe viwili, chekundu na cha bluu, na konde lilihesabiwa pale tu majaji watatu kati ya watano walipobonyeza ndani ya sekunde moja. Nilifurahi niliposikia habari hiyo. Furaha haikudumu. Katika michezo hiyo Eric Griffin wa Marekani alipoteza kwa Mhispania Rafael Lozano, 6 kwa 5, ilhali kila jaji, ukimhesabu peke yake, alikuwa amembonyezea Griffin makonde mengi zaidi. Vidole tu ndivyo havikukutana ndani ya sekunde. Rufaa ikakataliwa. Mashine pia iliubadilisha mchezo wenyewe: makonde ya mbavuni yalikuwa magumu kuonwa na majaji watatu kwa pamoja, kwa hiyo mabondia wakayaacha, wakawa wanagusa uso na kukimbia.

Mwaka 2013 mashine iliwekwa kando, ikaja hesabu ya pointi 10 kwa mshindi wa raundi. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti cha ujaji katika mashindano ya mkoa, kwa hiyo Rio 2016 iliniuma kipekee. Kompyuta ilichagua kadi za majaji watatu tu kati ya watano. Michael Conlan wa Ireland alipoteza kwa Mrusi Vladimir Nikitin, ambaye aliumia kiasi cha kushindwa kupanda ulingoni pambano lililofuata. Ripoti ya mchunguzi Richard McLaren ya mwaka 2021 ilieleza jinsi waamuzi walivyopangwa ili matokeo yachezewe.

Badiliko lililonigusa hasa ni la Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Kila raundi ilipokwisha, alama za majaji wote watano zilionyeshwa. Bondia akirudi kwenye kona alijua yuko nyuma, na kocha alijua la kumwambia. Jaji aliyeona tofauti na wenzake wanne naye alionekana palepale. Mwaka huohuo, kwenye ubingwa wa dunia Belgrade, timu iliyoshindwa iliweza kuomba pambano lipitiwe upya kwa video bila kungoja barua.

Sisi tulijaribu hivyo katika mashindano madogo ya vijana: kadi zinasomwa kwa sauti baada ya kila raundi, na simu moja juu ya kigoda inarekodi. Kocha mmoja alikuja mezani amefura. Tukamketisha, tukaiangalia raundi ya tatu pamoja naye, mara mbili. Matokeo hayakubadilika. Alisimama, akasema, “Haya, nimeona,” akaenda kumfariji kijana wake. Miaka yangu yote ya ngumi sikuwa nimewahi kumwona aliyeshindwa akiondoka hivyo.

Mnaoandaa mashindano ya wilaya na mikoa, nawaomba jambo hili, na halihitaji mfadhili. Someni kadi hadharani kila raundi. Rekodini kila pambano. Wekeni meza ya malalamiko yenye watu watatu ambao hawatoki katika klabu zinazohusika, wasikilize siku hiyohiyo kabla ya mshindi kupangiwa pambano jingine, na wawe na mamlaka ya kuyageuza matokeo. Meza isiyo na mamlaka hayo haina tofauti na barua zetu za zamani.